Kupima Mfupa Mpya kwenye Vipandikizi vya Majaribio: Mwongozo kwa Maabara za Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni wa mteknolojia wa maabara, daktari wa mifugo au mwanafunzi wa uzamili aliyeko Mtwara, Lindi, Ndanda au Nyangao, ambaye anajaribu kipandikizi cha mfupa kwa sungura na anataka jibu la namba: mfupa mpya umeota au haujaota, na kama umeota, ni kiasi gani? Nimeuandika nikifikiria maabara yenye hadubini moja, mikrotomu (kifaa cha kukata tishu vipande vyembamba) ya kuzungusha kwa mkono na umeme unaokatika. Ukiwa na njia ya kufikia mashine ya mikro-CT, eksirei inayopiga picha za ndani za sampuli ndogo kwa pande zote, itumie. Lakini kazi hii ilifanywa miaka mingi kabla ya mashine hizo kuwepo, na sehemu yake ngumu kuliko zote hakuna mashine inayokufanyia: kuamua, kabla hujaona slaidi hata moja, ni kitu gani utakiita mfupa mpya na utakigawa kwa kitu gani.

Jambo hili linatuhusu sana huku kusini. Barabara zetu zinaleta hospitalini vijana wa bodaboda waliopoteza kipande cha muundi, na wapo wakwezi wanaoanguka minazini. Daktari anahitaji kitu cha kujazia pengo. Mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe ndio bora, ila ni mchache, na kuuchukua ni jeraha la pili. Hapo ndipo majaribio yanapoingia: unga wa mfupa wa ng'ombe uliochomwa, au mfupa wa dome, ule mweupe mwepesi unaotupwa ufukweni. Mfupa wa dome ni kalsiamu kaboneti, na unaweza kugeuzwa haidroksiapatiti, madini yanayofanana na ya mfupa, kwa joto na shinikizo ndani ya mchanganyiko wenye fosfeti. Matumbawe nayo hugeuka hivyohivyo, kama Roy na Linnehan walivyoonesha mwaka 1974. Matumbawe yetu ya Ghuba ya Mnazi yamo ndani ya hifadhi ya bahari. Yaachwe yalipo, dome anatosha. Chochote utakachojaribu, namba utakayoiandika leo inaweza kesho kuwa sababu ya mtu kukiweka mguuni mwa mgonjwa. Tuipime kwa uangalifu unaostahili.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya kisu

Anza na vibali. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na utafiti wa wanyama hupitia kamati ya maadili ya taasisi yako. Kibali cha utafiti ni cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Upasuaji na usingizi viwe mikononi mwa daktari wa mifugo. Tumia wanyama wachache kadiri swali linavyoruhusu, na maumivu yatibiwe. Russell na Burch waliliweka wazi jambo hili tangu 1959 na halijapitwa na wakati. Jambo jingine liandikwe mapema na majirani wa banda waambiwe: nyama ya sungura wa majaribio hailiwi. Ana dawa mwilini. Anateketezwa au anafukiwa shimo refu.

Kisha tundu utakalotoboa kwenye mfupa ili kuweka nyenzo yako. Tundu dogo kwenye mfupa hujiziba lenyewe, hivyo unga wowote utakaouweka humo utaonekana umefanya kazi. Mwaka 1986 Schmitz na Hollinger walilitaja tatizo hili kwa jina na kupendekeza tundu lenye ukubwa ambao mnyama hawezi kuuziba kwa mfupa peke yake maisha yake yote. Kwenye fuvu la sungura kipenyo kinachotumika sana ni milimita 15. Kwenye fuvu la panya wa maabara ni milimita 8. Unaweza kutumia tundu dogo zaidi, mradi ukubali kwamba hapo unapima kasi ya kupona tu, wala usidai umeponya kisichopona.

Makundi yasipungue matatu: tundu lililoachwa tupu, tundu lililojazwa mfupa wa mnyama mwenyewe, na tundu lenye nyenzo yako. Tundu tupu ni la lazima. Bila hilo huna cha kulinganisha, hata slaidi zako zikipendeza vipi. Nyakati zinazozoeleka ni wiki ya 4, ya 8 na ya 12. Ukiwa na fedha za wakati mmoja tu, mimi ningechagua wiki ya 8: mfupa mpya umeshaota vya kutosha kuhesabika, na bado haujachanganyikana na wa zamani kiasi cha kutotofautishwa.

Hatua ya 2: Chora eneo la kipimo

Ukiharakisha hatua hii, zinazofuata zote hazitakusaidia.

Eneo la kipimo ni tundu lote kama lilivyokuwa siku lilipotobolewa. Kwenye slaidi, tafuta kingo mbili za mfupa wa zamani, upande huu na upande ule. Shusha mstari kwenye kila ukingo. Juu na chini, fuata unene wa mfupa wa zamani wa pande zote mbili. Umepata umbo kama mstatili. Hilo ndilo eneo lako.

Sasa angalia kinachotokea kwenye tundu tupu. Mara nyingi halijai. Linabaki na utando mwembamba wa tishu ya nyuzi uliodidimia katikati. Anayezungushia mstari utando ule peke yake, akahesabu mfupa ndani yake, atapata asilimia kubwa kwa sababu amegawa kwa kitu kidogo. Eneo halinywei kwa kuwa tishu imenywea. Nafasi iliyo wazi ndani ya mstatili ni sehemu ya eneo, na inahesabiwa kama isiyo na mfupa.

Kwenye wiki ya 12 shida ni kinyume chake: mfupa mpya umeungana na ukingo na huoni tena tundu lilianzia wapi. Weka alama siku ya upasuaji, kwa mfano nyuzi mbili zisizoyeyuka pembezoni, na pia andika kipenyo cha msumeno uliotumika. Kumbuka tu kwamba tishu husinyaa inapopita kwenye alkoholi na parafini, kwa hiyo milimita 15 za mezani hazitakuwa 15 kamili kwenye slaidi.

Andika pia utagawa kwa kitu gani. Nitaonesha kwa hesabu huko mbele jinsi uamuzi huu peke yake unavyobadilisha jibu.

Hatua ya 3: Alama zinazong'aa, kama unataka kujua kasi

Hatua hii si ya lazima. Mwaka 1957 Milch, Rall na Tobie walieleza kuwa tetrasaiklini hukaa kwenye mfupa na hung'aa rangi ya manjano chini ya mwanga wa urujuanimno. Inashika pale tu madini yanapowekwa wakati dawa iko kwenye damu. Ukimpa sungura dozi moja, ukasubiri siku kadhaa ukampa nyingine, utaona mistari miwili. Umbali kati yake ukiugawa kwa siku unapata kasi ya kuota. Mfano: mistari imeachana mikromita 15, dozi zimeachana siku 10, kasi ni mikromita 1.5 kwa siku.

Oksitetrasaiklini ipo kwenye maduka ya dawa za mifugo. Chukua ile ya kawaida, siyo ya kukaa mwilini muda mrefu, maana hiyo hutoa utepe mpana uliofifia badala ya mstari. Dozi apange daktari wa mifugo. Na jambo la kukumbuka: ukiondoa madini kwenye mfupa, alama zinaondoka nayo. Sampuli hizi zitengwe tangu mwanzo.

Hatua ya 4: Kuhifadhi sampuli

Formalini ya asilimia 10 iliyotulizwa asidi. Kwa lita moja: mililita 100 za formalini kali ya dukani, mililita 900 za maji yaliyotoneshwa, gramu 4 za sodiamu daihidrojeni fosfeti yenye molekuli moja ya maji na gramu 6.5 za daisodiamu hidrojeni fosfeti kavu. Usitumie maji ya kisima. Ya pwani yana chumvi. Usiruke fosfeti pia, kwa sababu formalini isiyotulizwa hugeuka asidi ya fomiki polepole na kuanza kula madini unayotaka kuyapima.

Kata fuvu sentimita moja nje ya tundu pande zote, au karibu zaidi kama nafasi hairuhusu. Ujazo wa formalini uwe mara 10 hadi 20 ya sampuli. Siku mbili zinatosha kwa fuvu la sungura. Chombo kikae kivulini, mbali na paa la bati, na dirisha liwe wazi.

Hatua ya 5: Eksirei kabla ya kuondoa madini

Piga eksirei sampuli ikiwa bado na madini, pamoja na ngazi ya alumini (kipande chenye vidato vya unene tofauti) pembeni yake ili weupe wa picha moja ulinganishwe na wa nyingine. Ni picha ya bei nafuu na hospitali za mkoa zinaweza kuipiga.

Lakini usiisomee zaidi ya uwezo wake. Eksirei inaona madini. Haidroksiapatiti uliyoweka ni madini. Mfupa mpya ni madini. Tundu lililojaa weupe wiki ya 8 linaweza kuwa limejaa ule unga wako tu, vilevile ulivyouweka siku ya kwanza. Mikro-CT yenyewe, yenye vokseli (vijisanduku vidogo vinavyounda picha) za mikromita 10 hadi 20, inapata taabu hiyohiyo pale msongamano wa nyenzo unapokaribiana na wa mfupa. Kila kitu kinategemea kizingiti alichokiweka mwendeshaji, yaani kiwango cha weupe kinachoanza kuhesabiwa mfupa. Ukipeleka sampuli zikapigwe mikro-CT, dai uandikiwe ukubwa wa vokseli, kizingiti na vipande vya kusahihishia vya haidroksiapatiti vilivyotumika. Kisha rudi kwenye slaidi, maana hadubini ndiyo inayotofautisha kilicho hai na kilichowekwa.

Hatua ya 6: Kuondoa madini

Ili mfupa ulainike na kukatika, tumia EDTA, kemikali inayoshika kalsiamu na kuitoa, ya asilimia 10 hadi 14, pH 7.2 hadi 7.4. Chumvi yake ya daisodiamu haiyeyuki mpaka uongeze sodiamu haidroksaidi na pH ikaribie 8. Watu wengi humwaga mchanganyiko wakidhani dawa ni mbovu, kumbe imekosa alkali tu. Ikishayeyuka, irudishe pH inapotakiwa. Ujazo uwe mara 20 ya sampuli, ubadilishe mara mbili kwa wiki, tikisa chombo kila upitapo. Hesabu wiki tatu mpaka sita.

Asidi ya fomiki ya asilimia 5 hadi 10 humaliza kwa siku chache. Asidi ya nitriki ni haraka zaidi, na hapo ndipo viini vya seli vinapokataa kushika rangi. Kwa kuwa kipimo chetu kinategemea kuona kama kishimo, kile kijitundu ambamo seli ya mfupa hukaa, kina seli au hakina, nasimama na EDTA, hata kama msimamizi analalamikia muda.

Utajuaje madini yameisha? Usichome sindano, utaacha tundu utakalolihesabu baadaye. Eksirei ndiyo njia bora. Kama umetumia asidi ya fomiki, kuna kipimo cha kemikali: chukua mililita 5 za maji yaliyolowekea, ongeza amonia mpaka asidi itulie, kisha mililita 5 za amoniamu oksaleti iliyokolea. Yakiwa na ukungu, kalsiamu bado inatoka. Yakibaki maangavu kwa nusu saa, umemaliza.

Angalizo kwa wanaojaribu kauri: EDTA haichagui. Itayeyusha pia haidroksiapatiti na trikalsiamu fosfeti uliyoweka, na mahali pake patabaki weupe mtupu wenye umbo la chembe. Weupe huo ni kipandikizi. Asiyejua atauhesabu kama tishu iliyochanika au uboho wenye mafuta.

Ukitaka kuiona kauri yenyewe, usiondoe madini. Zamisha sampuli kwenye resini ngumu, ikate kwa msumeno, kisha isage kwa msasa laini na laini zaidi mpaka ifike unene wa mikromita 30 hadi 50 na mwanga upite. Donath na Breuner walieleza utaratibu huo mwaka 1982. Wana Lindi wana sababu ya kuuheshimu: mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, iliyochimbwa 1909 hadi 1913 na kupelekwa Berlin, imesomwa kwa vipande vyembamba vilivyosagwa kwa namna hiyo, na ukuaji wa wanyama walioishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita umeonekana kwenye matabaka ya mifupa yao. Kwa alama za tetrasaiklini, hii ndiyo njia yako.

Hatua ya 7: Kukata

Unene wa kipande uwe mikromita 4 hadi 5. Joto la Mtwara hulainisha parafini na ukanda unakunjamana, hivyo poza bloku (sampuli iliyogandishwa ndani ya parafini) kwenye barafu kabla ya kila awamu. Barafu ya wauza samaki inafaa. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ili maji yake yasiguse bloku.

Usichague kipande kizuri. Tundu ni la duara, na kipande cha katikati ni kirefu kuliko cha pembeni, tena pembeni mfupa ni mwingi kwa sababu huanza kuota kutoka ukingoni. Anayekata pembeni kwenye kundi moja na katikati kwenye jingine amepima kisu chake. Weka umbali maalumu, kwa mfano kipande kimoja kila mikromita 200, na kipande cha kuanzia kichaguliwe kwa bahati nasibu. Andika namba kwenye karatasi ndogo, mtu achomoe.

Hatua ya 8: Rangi na kutambua

Hematoksilini na eosini inatosha kwa kazi nyingi. Trikromu ya Masson inasaidia, kwani mfupa mchanga huelekea buluu na uliokomaa huelekea wekundu. Ila tishu ya nyuzi nayo huwa buluu, hivyo rangi peke yake isikuamulie. Von Kossa, inayopaka madini weusi, ni ya mfupa wenye madini yake tu. Kwenye mfupa ulioondolewa madini haina cha kupaka.

Mfupa mpya una vishimo vyenye seli ndani, vishimo vikubwa visivyopangika, na mara nyingi safu ya osteoblasti, seli zinazojenga mfupa, imejipanga ukingoni, juu ya utepe uliopauka wa osteoidi, yaani mfupa ambao bado haujapata madini. Mfupa uliowekwa, au uliokufa, una vishimo vitupu, hauna osteoblasti, na kati yake na mpya kuna mstari mwembamba wa kuunganishia. Kingo za tundu lenyewe huwa na vishimo vitupu pia, kwa sababu joto la kutoboa limeua seli. Ule ni wa zamani na uko nje ya mstari wako.

Ukiwa na shaka, weka karatasi mbili za kupolaraizi, moja chini ya slaidi na moja juu, uzungushe moja. Unaweza kuzibandua kwenye kioo cha kikokotoo kilichoharibika. Mfupa uliokomaa utaonesha matabaka yanayong'aa na kufifia kwa zamu. Mfupa mchanga uliofumwa ovyoovyo hautaonesha mpangilio huo.

Osteoidi utaihesabu kama mfupa au la? Mimi huihesabu na kuisema wazi. Ukiamua vingine, andika.

Hatua ya 9: Picha na kipimo cha urefu

Simu inatosha, ikishikwa imara kwenye lenzi ya macho, zumu isiguswe kuanzia slaidi ya kwanza hadi ya mwisho. Tumia sehemu ya katikati ya picha. Pembezoni lenzi hupinda.

Kama huna slaidi yenye rula, kila maabara ina chemba ya Neubauer ya kuhesabia seli za damu. Mraba wake mkubwa ni milimita 1 kila upande na mraba mdogo kabisa wa katikati ni milimita 0.05, yaani mikromita 50. Ipige picha kwa lenzi ileile na zumu ileile, nawe umepata rula. Kwa asilimia za eneo huhitaji rula. Kwa kasi ya tetrasaiklini na urefu wa pengo lililobaki, unaihitaji.

Hatua ya 10: Kuhesabu

Msingi wa hesabu ulitoka kwa mwanajiolojia Mfaransa, Delesse, mwaka 1847, alipotaka kujua kiasi cha madini ndani ya jiwe: sehemu ya eneo kwenye mkato inakadiria sehemu ya ujazo ndani ya kitu chote. Baadaye watu waliona kwamba hata eneo huna haja ya kulichora, hesabu nukta. Ukimwaga punje za mtama juu ya mkeka wa ukindu wenye mistari myekundu, bila kulenga, sehemu ya punje zitakazoangukia wekundu inakaribia sehemu ya mkeka iliyo nyekundu.

Chapisha gridi ya nukta kwenye plastiki angavu uibandike juu ya skrini, au itumie iliyomo kwenye ImageJ. Programu hiyo ni ya bure, ilitengenezwa na Wayne Rasband kwenye taasisi za afya za Marekani, NIH, na ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Gridi ianze mahali pa bahati nasibu. Kwa kila nukta iliyo ndani ya eneo la kipimo, weka alama moja kati ya tatu: mfupa mpya, kipandikizi kilichobaki, vinginevyo (uboho, nyuzi, nafasi tupu). Nukta iliyo mpakani: angalia kona ya juu kulia ya alama yake, ilipo ndipo inapohesabiwa, kila mara.

Tuseme sungura mmoja ametoa nukta 420 kwenye slaidi zake zote. Mfupa mpya 118, kipandikizi 76, vinginevyo 226.

Mfupa mpya: 118 ÷ 420 = asilimia 28.1. Kipandikizi: 76 ÷ 420 = 18.1. Vinginevyo: 226 ÷ 420 = 53.8. Jumla ni 100, na lazima iwe 100.

Mwingine atasema kipandikizi kimechukua nafasi, hivyo tukitoe kwanza: 118 ÷ (420 − 76) = 118 ÷ 344 = asilimia 34.3. Sungura yuleyule, slaidi zilezile, na tayari mfupa "umeongezeka" kwa pointi sita. Kuna maswali ambayo mgawanyo huo wa pili unayajibu kwa haki, kama kutaka kujua nafasi iliyokuwa wazi imejaa kiasi gani. Kosa ni kuutumia kwa nyenzo yako na kutumia wa kwanza kwa ya mwenzako, au kuuchagua baada ya kuona matokeo. Mimi huripoti wa kwanza, kisha namba zote tatu, ili msomaji apige ule anaoutaka.

Je, nukta 420 zinatosha? Kosa la kuhesabu hukadiriwa kwa kipeuo cha pili cha 0.281 × 0.719 ÷ 420, nayo ni takribani 0.022, yaani pointi 2.2 za asilimia. Tofauti kati ya sungura na sungura kwa kawaida ni kubwa kuliko hiyo. Gundersen na Østerby walilionesha jambo hili mwaka 1981: nukta chache kwa wanyama wengi zaidi hukupa jibu bora kuliko nukta nyingi mno kwa wanyama wachache. Nukta 200 hivi kwa mnyama zinafaa kwa kazi nyingi. Jioni uliyotaka kuitumia kuhesabu nukta elfu, itumie kwenye mnyama mwingine uliyemkata tayari.

ImageJ inaweza pia kutenga rangi yenyewe na kupima eneo. Itakuwa haraka, nayo itabadilika kila chupa ya eosini inapobadilika. Ukiitumia, hakiki slaidi moja kati ya kumi kwa nukta.

Hatua ya 11: Macho mawili yasiyojua

Mtu asiyehusika abandike karatasi juu ya majina ya slaidi na kuweka namba mpya. Orodha ya siri aitunze yeye. Anayehesabu asijue sungura ni wa kundi gani, na hasa asiwe aliyetengeneza unga, kwa sababu anautakia mema.

Wasomaji wawe wawili, kila mmoja peke yake. Kisha panga tofauti zao kwa mtindo wa Bland na Altman wa mwaka 1986: kwa kila sungura, wastani wa wasomaji wawili upande mmoja, tofauti yao upande mwingine. Ukiona mmoja anasoma juu siku zote, kaeni hadubinini pamoja, muulizane kishimo kile kina seli au la. Mkikubaliana fasili, anzeni upya slaidi zote, siyo zile mlizobishania tu. Baada ya wiki mbili kila mmoja arudie sehemu ya slaidi zake bila kutazama majibu ya awali.

Hatua ya 12: Takwimu

Kipimo ni mnyama. Sungura 6 wenye slaidi 10 kila mmoja ni sungura 6, siyo slaidi 60. Changanya nukta za mnyama mmoja upate namba moja, ndipo ulinganishe makundi. Kama sungura mmoja alikuwa na matundu mawili yenye nyenzo tofauti, linganisha ndani ya sungura huyohuyo. Kwa makundi madogo tumia kipimo cha takwimu cha Mann–Whitney, au cha Wilcoxon cha jozi, na uchore nukta moja kwa kila mnyama badala ya mstatili wenye wastani. Kwa wanyama sita msomaji ana haki ya kuwaona wote sita. Sungura aliyekufa au aliyeoza jeraha anatajwa, pamoja na sababu.

Hatua ya 13: Kuripoti na kutunza

Tumia majina na vifupisho vilivyokubalika vya vipimo vya mfupa, vilivyopangwa mwaka 1987 na kuhuishwa 2013, na fuata miongozo ya ARRIVE ya 2010 iliyoboreshwa 2020 kwa taarifa za wanyama. Andika kipenyo cha tundu, wiki, idadi ya wanyama na slaidi, umbali kati ya vipande, idadi ya nukta, fasili ya mfupa mpya na kigawanyo.

Majina kwenye slaidi yaandikwe kwa penseli, kwa sababu zailini, kimiminika cha kuondolea parafini, hufuta wino. Unyevu wa pwani huleta ukungu kwenye slaidi na sanduku la bloku, hivyo weka ndani mifuko ya chembe za kunyonya unyevu na uikaushe kwenye oveni kila inapolowa. Zailini na formalini zilizotumika zisimwagwe kwenye sinki wala mtaroni. Ziwekwe kwenye madumu yenye lebo mpaka zichukuliwe kuteketezwa. Karatasi za nukta zipige picha siku hiyohiyo, na nakala moja ikae nje ya jengo la maabara.